Aliyempa Mtoto Jina: Tarehe ya Mdundo wa Kasi

Tarehe ya ukoo wowote huanza na ugomvi juu ya nani alitangulia, na ukoo huu haujasalimika. Wapo wanaoapa kwamba mdundo wa kasi ulizaliwa Birmingham. Wapo wanaosema Massachusetts, wengine Flint ya Michigan, na Waswidi nao wana kaseti yao ya 1982 ambayo hawakubali isahauliwe. Kila mmoja ana ushahidi, na ushahidi wenyewe unasikika.

Kwanza tuelewane mdundo wenyewe ni upi. Mpiga dramu ana snea, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake. Ana ngoma kubwa iliyolazwa chini, anayoipiga kwa kanyagio la mguu. Na ana matoazi. Mguu na mkono hupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Mdundo tunaousimulia hauivunji zamu hiyo. Unaibana tu. Chukua wimbo wenye mapigo 200 kwa dakika, kila pigo uligawe mara nne baina ya mguu na mkono, utapata mapigo 800 kwa dakika, yaani zaidi ya 13 kwa sekunde. Hapo sikio linaacha kuhesabu. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani kanda imenasa. Akizoea anagundua kitu cha ajabu, kwamba ndani ya kasi ile kuna kutulia, kama feni inayozunguka mpaka mapanga yake yakaonekana yamesimama.

Kikeni, mdundo huu ni wa panki. Mwishoni mwa miaka ya 1970, jijini Washington, vijana wanne weusi waliokuwa wakipiga jazi ya umeme kwa jina la Mind Power waliiacha jazi wakajiita Bad Brains. Walikuwa wakiwahusudu Mahavishnu Orchestra na Return to Forever, bendi za mafundi ambao kwao wimbo rahisi ni aibu. Kwa hiyo walipoingia kwenye panki waliingia na viganja vilivyokwisha kunolewa. Earl Hudson alikalia dramu, ndugu yake H.R. akashika maikrofoni. Santuri yao ya kwanza, “Pay to Cum” ya 1980, haifiki dakika mbili, na waliokuwa wakikimbia namna ile wakati huo walikuwa wachache mno. Kisha katika onyesho hilohilo wangeweza kugeuka wakapiga rege ya Kirasta, taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu hupenda kusema kwamba kasi ni kichaka cha wasiojua kupiga. Ukoo huu una waliojua tangu shinani.

Waliowasikia waliichukua kasi bila kuuchukua ufundi wote, na pengine ndiyo heri. Muziki ukaitwa hadikoo, nyimbo zikafupika, kila mji wa Marekani ukataka kuupita mwingine. Huko Houston, Texas, D.R.I. walitoa mwaka 1983 santuri ya inchi 7 yenye nyimbo 22. Inchi 7 ni santuri ile ndogo iliyozoeleka kubeba wimbo mmoja kila upande! Mpiga dramu wao, Eric Brecht, alikuwa akikimbia hivi kwamba waimbaji wengi wangeishiwa pumzi. Lakini mwimbaji alikuwa ndugu yake Kurt, basi wakaelewana.

Uingereza kulikuwa na tawi lingine. Stoke-on-Trent ni mji wa wafinyanzi, umejulikana kwa vyungu na sahani tangu zamani, na ndiko walikotoka Discharge. Mwendo wa dramu zao, unaodunda kama farasi aendaye kwa miguu yote minne, ulinakiliwa na bendi nyingi kiasi kwamba leo unaitwa kwa herufi ya kwanza ya jina lao, D. Uswidi waliupokea wakauongeza moto. Asocial, vijana wa mji mdogo wa Hedemora, walirekodi mwaka 1982 kaseti ambayo kichwa chake kinauliza kama hadikoo inaweza kuwa mbaya kuliko hivyo. Kuna sehemu ndani yake ambapo mguu na mkono vinapokezana kwa namna ileile niliyoieleza juu. Kwa hiyo Waswidi wakidai haki ya uzee, sisi wa tarehe tunawaandika. Tatizo ni kwamba mtoto wao hakutembea mbali na nyumbani.

Kuumeni ni metali, na huko habari kubwa ni miguu. Ngoma kubwa mbili kwa mpiga mmoja si uvumbuzi wa metali. Louie Bellson alizipiga katika jazi, akiwa pia na bendi ya Duke Ellington, kabla ya wengi wa hawa kuzaliwa. Lakini mwaka 1979 Phil Taylor wa Motörhead aliufungua wimbo “Overkill” kwa miguu miwili inayokimbia bila kupumzika, na vijana wa metali wakasimama wima. Mmoja wa waliokuja kuirithi miguu hiyo ni Dave Lombardo, mzaliwa wa Havana aliyekulia California, wa bendi ya Slayer. Mpiga gitaa wao Jeff Hanneman alikuwa mpenzi mkubwa wa panki, naye aliingiza santuri za hadikoo ndani ya nyumba ya metali. Matokeo yalikuwa “Reign in Blood” ya 1986: nyimbo 10, dakika 29 hivi. Si mdundo wetu kamili bado, ila ndoa ilikuwa imekwisha fungwa.

Sasa tufike Weymouth, mji wa pwani kusini mwa Boston. Mwaka 1984 Siege walirekodi kaseti ya majaribio iliyoitwa “Drop Dead”. Robert Williams alipiga dramu kana kwamba anafukuzwa, na tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba kwake kasi haikuwa kishindo cha kufungia wimbo. Ilikuwa ndiyo wimbo. Mbali na hapo, katika Flint, mji wa viwanda vya magari vya General Motors ambavyo wakati huo vilikuwa vikipunguza watu, Repulsion walikuwa wamefika mahali palepale kwa njia ya metali. Mwaka 1986 walirekodi nyimbo ambazo zilikuja kuwa albamu ya “Horrified”, Dave Hollingshead akiwa kwenye dramu. Hakuna aliyeitoa. Ilikaa kwenye kaseti mpaka 1989, na ilipotoka rasmi, wanafunzi wake walikuwa tayari maarufu kuliko mwalimu.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye posta, maana bila posta tarehe hii isingekuwepo. Redio hazikuupiga muziki huu na maduka mengi hayakuuza. Kijana wa Flint alikuwa akinakili kaseti chumbani, anaitia kwenye bahasha pamoja na barua, anamtumia mtu asiyemjua Uholanzi, Brazili au Uingereza, naye hurudishiwa kaseti nyingine. Stempu zilipakwa gundi juu, ili muhuri wa posta ushike gundi na si karatasi. Mpokeaji akaifuta, akairudisha stempu ikatumika tena. Kaseti iliyonakiliwa mara tano ilikuwa imejaa mvumo, snea na gitaa haviachani vizuri. Nina hakika kwamba hilo nalo liliongeza kasi: aliyesikia zogo lisilo na mipaka alidhani ndivyo lilivyopigwa, akajitahidi kulifikia.

Kaseti za Siege na Repulsion zilifika katikati ya Uingereza kwa njia hiyo. Napalm Death ilianzishwa mwaka 1981 na wavulana wadogo wa shule katika kijiji cha Meriden, karibu na Coventry, na kwa miaka kadhaa ilikuwa bendi ya panki kama nyingine. Baadaye ikaja kuwa ya Birmingham, ikipiga mara kwa mara kwenye baa iitwayo Mermaid. Kisha akaingia Mick Harris kwenye dramu. Harris alikuwa amezisikiliza kaseti zile, akataka kuzipita. Hakuwa na usafi wa Lombardo, mapigo yake wakati mwingine hayalingani hata kidogo, lakini alikuwa na pupa ambayo haifundishwi. Na alifanya jambo ambalo Waswidi, watu wa Weymouth na watu wa Flint hawakulifanya: aliupa mdundo jina. Aliuita blastibiti, pigo la mlipuko. Muziki uliojengwa juu yake akauita graindikoo, yaani hadikoo inayosaga.

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Mtoto huandikwa kwa mwenye nyumba, mengine yanabaki minong'ono. Ndivyo ilivyokuwa. Ukimuuliza kijana leo nani baba wa blastibiti, atamtaja Harris, naye Harris na wenzake hawakuwahi kuficha walikosikia. Waliwataja Siege na Repulsion kila walipoulizwa. Hata waliokuja kuitoa “Horrified” mwaka ule wa 1989 walikuwa watu wa Carcass, bendi ndugu, mmoja wao Bill Steer aliyekuwa amepiga gitaa ndani ya Napalm Death yenyewe.

Albamu iliyotangaza jina hilo ni “Scum” ya 1987, iliyotolewa na lebo changa ya Earache kutoka Nottingham. Ina nyimbo 28. Upande wa kwanza ulirekodiwa Agosti 1986 katika studio ya Birmingham iitwayo Rich Bitch. Wa pili ulirekodiwa Mei mwaka uliofuata, na katikati bendi ilikuwa imesambaratika na kuundwa upya. Mtu pekee anayesikika pande zote mbili ni Harris. Humo ndimo ulimo “You Suffer”, wimbo wa sekunde 1.316, unaotambuliwa na kitabu cha Guinness kuwa mfupi kuliko zote zilizorekodiwa. Ni mzaha, bila shaka, lakini mzaha wenye hesabu: ukizidi kubana, mwisho wake ni hapo.

Mtangazaji John Peel wa BBC aliupenda mzaha huo. Aliwaita studioni Septemba 1987 wakarekodi nyimbo 12 zilizokwisha kabla ya dakika 6. Watu waliokaa kusikiliza redio usiku, wakiwa hawajawahi kuiona stempu yenye gundi, wakausikia mdundo wetu sebuleni.

Kinachonishangaza katika habari hii ni jinsi waanzilishi walivyoondoka mapema. Justin Broadrick, aliyepiga gitaa upande wa kwanza wa “Scum”, aliunda Godflesh mwaka 1988: mashine ya dramu, mwendo wa polepole, kila pigo zito kama nyundo ya kuvunjia ukuta. Harris mwenyewe aliondoka 1991 akaanzisha Scorn, muziki wa besi nzito na nafasi pana. Wote wawili waligeukia mwendo wa taratibu.

Urithi ukaangukia mikono mingine, na kwa hakika miguu mingine. Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador, alikuwa akipiga na Terrorizer huko Los Angeles, kisha akajiunga na Morbid Angel wa Florida. Mwaka 1989 zilitoka albamu mbili zenye dramu zake, “World Downfall” na “Altars of Madness”, zote zikiwa zimerekodiwa katika studio ya Morrisound, Tampa. Kwa Harris mlipuko ulikuwa mlipuko kweli, vipande vinaruka ovyo. Kwa Sandoval ni cherehani. Mishono yote ni sawa, na miguu miwili inaendelea pale mkono unapobadili. Kuanzia hapo metali iliuchukua mdundo ikaufanya wake, na wengi waliozaliwa baadaye hawajui hata kama kikeni kwake ni panki.

Brazili isiachwe. Belo Horizonte, mwaka uleule wa “Scum”, Sarcófago walitoa “I.N.R.I.”, na D.D. Crazy kwenye dramu alikuwa akilipuka bila kumngoja mtu wa Birmingham ampe ruhusa. Vijana wa Norwe waliokuja kujenga metali yao nyeusi miaka michache baadaye waliisikiliza sana albamu hiyo. Wanorwe waliugeuza mdundo ukawa ukungu: kasi ileile, lakini magitaa yanatandazwa juu yake taratibu.

Baada ya hapo habari inakuwa ya mafundi na hesabu zao. Wapo wanaopiga mguu na mkono kwa wakati mmoja badala ya kupokezana. Flo Mounier wa Cryptopsy, Kanada, alikuwa miongoni mwa waliotangaza namna ya kuutumia ukingo wa snea kama egemeo, kijiti kikapiga kikishuka na kupiga tena kikipanda, mkono mmoja ukatoa mapigo mara mbili. Kisha vikaja vitambuzi vya umeme vinavyobandikwa kwenye ngoma kubwa: mguu ukigusa tu, sauti iliyorekodiwa tayari inalia, kali na sawasawa. Ugomvi wake haujaisha. Wenye kuvitumia wanasema mguu unaokimbia namna hiyo hauwezi kukanyaga kwa nguvu ya kusikika juu ya magitaa, na fizikia iko upande wao. Wenye kuvipinga wanasema wanasikia taipureta. Mimi niko na wapinzani, ingawa najua nusu ya albamu ninazozipenda zimetengenezwa hivyo.

Tawi la mwisho nitakaloliandika lilichipua karibu na kwetu. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi, na kutoka humo walitokea Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyokuwa imeipeleka singeli ya Dar es Salaam nje mwaka 2017 kwa mkusanyiko wa studio ya Sisso. Singeli nayo hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, ila haina damu na ukoo huu. Imetoka kwenye mchiriku na vigodoro, ikafika kwenye kasi kwa miguu yake. Kwa Wakenya hawa damu ipo. Sauti ya kukwaruza ni ya graindikoo, milipuko ni ya Birmingham, ila kwenye dramu hakuna mtu: mapigo yamepangwa kwa kompyuta, yanapita kasi ambayo hakuna kifundo cha mkono kingeivumilia. Walijiita Duma. Jina ni la Kikikuyu, maana yake giza. Mswahili akilisoma kwenye jalada anamwona mnyama mwingine kabisa, na sidhani kama anakosea.