Kosa Lina Historia: Chimbuko la Kanuni za Usahihi katika Kiingereza Sanifu cha Maandishi na Mafunzo Yake kwa Usahihishaji

Ikisiri

Usahihishaji wa makosa katika Kiingereza cha maandishi huchukuliwa mara nyingi kuwa kazi ya ufundi tu: mwalimu au mhariri anaijua kanuni, anaona ilipovunjwa, anasahihisha. Makala haya yanatalii historia ya kanuni hizo tangu mtambo wa kwanza wa uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476 hadi mitihani ya karne ya 19 na baada yake. Yanaonesha kwamba kanuni hizo hazina asili moja. Baadhi ni makubaliano ya waandishi na wachapaji. Baadhi ni mapendekezo ya wanasarufi ambayo waandishi stadi hawakuyafuata. Na baadhi ni mipaka ya kijamii baina ya lahaja. Makala yanahitimisha kuwa msahihishaji asiyezitofautisha aina hizi humpima mwanafunzi kwa mizani isiyo sawa.

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Afrika Mashariki, Kiingereza cha maandishi ni mlango ambao wengi hulazimika kuupitia. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia. Popote lugha inapopewa nafasi ya aina hiyo, wino mwekundu wa msahihishaji huacha kuwa jambo la darasani tu. Huamua nani anaendelea na masomo, nani anaitwa kwenye usaili, na ripoti ya nani inasomwa hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo ni muhimu kuuliza maswali mawili ambayo vitabu vya mazoezi huyaruka: ni nani aliyeamua kwamba umbo fulani ni kosa, na kwa hoja gani? Maswali haya hayakusudii kutetea uzembe. Yanakusudia kumpa mwalimu, mtahini na mshauri wa sera kigezo cha kutenganisha kosa linalostahili kusahihishwa na mazoea yaliyovikwa joho la kanuni. Majibu yake yako katika historia ya Uingereza yenyewe, ambako kanuni nyingi zilitungwa.

2.0 Wachapaji na Makubaliano ya Tahajia

William Caxton alipoanzisha kazi ya uchapaji huko Westminster mwaka 1476, hapakuwa na Kiingereza kimoja cha kuchapisha. Katika dibaji ya mojawapo ya vitabu vyake vya mwaka 1490, anasimulia kisa cha wafanyabiashara waliokwama pwani ya Kent, mmoja wao akaomba mayai kwa neno la kaskazini. Mwenye nyumba, mwanamke wa kusini aliyezoea neno jingine kabisa, alidhani anasemeshwa Kifaransa. Caxton alikuwa na swali la kibiashara: achapishe neno lipi ili kitabu kinunuliwe na wengi? Usanifishaji wa Kiingereza, basi, ulianzia zaidi katika karakana kuliko katika baraza la wataalamu.

Tahajia iliendelea kuyumba kwa zaidi ya karne moja. Hata sahihi za William Shakespeare zilizosalia hazina tahajia moja ya jina lake. Kadiri wapanga herufi walivyozoea maumbo fulani, tahajia ya vitabu ilitulia, na kufikia mwishoni mwa karne ya 17 ilikuwa imekaribia sana ile ya leo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, yenye vidahizo zaidi ya 40,000, iliyapa makubaliano hayo mamlaka. Hata hivyo, Johnson mwenyewe alikiri katika dibaji yake kwamba hakuna mtunga kamusi awezaye kuizuia lugha isibadilike.

Makubaliano hayo hayakujengwa juu ya mantiki. Herufi "b" katika "debt" na "doubt" haikuwamo katika maneno yaliyopokewa kutoka Kifaransa. Ilipachikwa na wasomi waliotaka maneno hayo yaoneshe nasaba yake ya Kilatini. Herufi "s" katika "island" iliingia kwa makosa hasa: neno hilo lina asili ya Kiingereza cha kale na halikuwa na "s", bali lilidhaniwa kuwa na undugu na neno lililotokana na Kilatini. Leo mwanafunzi anayeiacha "s" hiyo hukatwa alama, ingawa aliyeitia hapo mwanzo ndiye aliyekosea.

Kisa cha "its" na "it's" kinafundisha zaidi. Umbo "its" la umiliki ni changa. Halikuwamo katika chapa ya kwanza ya Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Lilipoenea, waandishi wengi wa karne za 17 na 18, wakiwemo wasomi, waliliandika kwa ritifaa. Kutengana kwa maumbo haya mawili, moja la umiliki na jingine la ufupisho, ni mpangilio uliotulia baadaye.

Je, kwa kuwa tahajia haina mantiki, isisahihishwe? Hitimisho hilo ni potofu. Nguvu ya kanuni ya tahajia hutokana na kushirikiwa kwake na waandishi wote wa lugha sanifu. Anayeikiuka humchelewesha msomaji, na msomaji hana njia ya kujua kama ukiukaji huo umekusudiwa. Noah Webster alipopendekeza tahajia kama "color" na "center", ambazo kamusi yake ya mwaka 1828 ilizisimika, hakuondoa makubaliano. Alianzisha makubaliano mengine kwa ajili ya jamii nyingine. Ndiyo maana mhariri hudai mwandishi ashike mkondo mmoja, wa Uingereza au wa Marekani, na asiichanganye.

3.0 Wanasarufi wa Karne ya 18

Mwaka 1712 Jonathan Swift alichapisha pendekezo la kuundwa kwa chombo cha kusahihisha na kuidhibiti lugha ya Kiingereza. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Uingereza haikupata kamwe akademia ya lugha kama ile ya Ufaransa. Nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na watu binafsi: makasisi, walimu na wauza vitabu. Aliyepata sifa kubwa miongoni mwao ni Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, kwa kitabu chake A Short Introduction to English Grammar cha mwaka 1762. Katika tanbihi zake, Lowth aliorodhesha makosa ya Shakespeare, Milton na waandishi wengine mashuhuri. Mbinu hiyo ilikuwa na maana kubwa: kuanzia hapo, kuandika vizuri hakukutosha kumpa mtu hadhi ya kuwa kielelezo cha usahihi.

Mifano mitatu inaonesha namna hukumu hizo zilivyotolewa. Wa kwanza ni "you was". Katika karne ya 18 wasemaji wengi walioelimika walitumia "you was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa watu wengi. Msemaji wa Kiswahili, anayetofautisha "wewe ulikuwa" na "ninyi mlikuwa", atatambua mara moja manufaa ya mgawanyo huo. Lowth aliulaani kuwa kosa kubwa, huku akikiri kuwa waandishi wazuri waliutumia. Lugha sanifu ikapoteza tofauti iliyokuwa na kazi.

Mfano wa pili ni ukanushi maradufu. Chaucer aliutumia, na Shakespeare pia. Wanasarufi wa karne ya 18 walidai kuwa vikanushi viwili hufutana na kuleta uyakinishi, kama ilivyo katika hesabu. Hoja hiyo haina uzito wa kiisimu. Kitenzi cha Kiswahili "hasomi" kina alama mbili za ukanushi, "ha-" mwanzoni na "-i" mwishoni, na hakuna anayedai kwamba zinafutana. Kwa kweli umbo hilo lilikuwa tayari limefifia katika maandishi ya wasomi wa Uingereza, likabaki katika lahaja za watu wa kawaida. Mantiki ya hesabu ilikuja kuhalalisha mpaka wa kijamii uliokwisha kuchorwa.

Mfano wa tatu ni kihusishi kinachokuja mwishoni mwa sentensi. John Dryden alimkosoa Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, kisha akarekebisha sentensi za namna hiyo katika maandishi yake mwenyewe ya awali. Lowth alikuwa mpole kuliko anavyosimuliwa: alisema muundo huo unafaa mazungumzo na mtindo wa kawaida, na akautumia katika sentensi ileile aliyokuwa akiujadili. Waliokuja baada yake ndio waliogeuza ushauri wa kimtindo kuwa amri. Utafiti wa Ingrid Tieken-Boon van Ostade juu ya barua za Lowth umeonesha pia kwamba askofu huyo, alipowaandikia watu wake wa karibu, alitumia maumbo ambayo sarufi yake iliyakataza.

Mawazo haya yaliingia madarasani kupitia mbinu mpya. Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutunga mazoezi ya sentensi mbovu ili wanafunzi wazirekebishe. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, aliieneza mbinu hiyo kwa English Grammar ya mwaka 1795 na kitabu cha mazoezi kilichofuata. Vitabu vyake vilichapishwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Zoezi la "tafuta kosa", linaloonekana leo kama jambo la asili katika ufundishaji, ni zao la kipindi hicho.

4.0 Kosa Linapopewa Bei

Karne ya 19 iliongeza jambo lililobadilisha uzito wa kosa: fedha na ajira. Kuanzia mwaka 1855, Tume ya Utumishi wa Umma ya Uingereza ilianza kuwapima waombaji kazi kwa mitihani, na tahajia ilikuwa mojawapo ya vipimo. Mwaka 1862 serikali iliweka utaratibu wa kuzilipa shule ruzuku kwa kufuata matokeo ya wanafunzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliyeshindwa somo moja kati ya hayo aliipunguzia shule yake shilingi 2 na peni 8. Katika hali hiyo, makosa yanayohesabika kwa urahisi, kama yale ya imla, yalipewa kipaumbele kuliko ubora wa hoja, ambao hauhesabiki.

Ndicho pia kipindi kilichozaa marufuku ya kutia kielezi baina ya "to" na kitenzi. Marufuku hiyo, iliyopigiwa debe na Henry Alford katika kitabu chake cha mwaka 1864, haimo katika sarufi ya Lowth wala ya Murray. Mwaka 1926 H. W. Fowler aliwakejeli wanaoikwepa miundo hiyo kwa woga hadi kuharibu sentensi zao.

"They" ya umoja ina historia inayofanana. Ilikuwa imetumika tangu karne ya 14 pale jinsi ya mtajwa isipojulikana. Fisher na wenzake walipendekeza "he" itumike badala yake, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba katika sheria zake maneno ya jinsi ya kiume yajumuishe na wanawake. Waandishi hawakuiacha "they", na miongozo mingi ya uandishi ya leo inaikubali tena.

Utamaduni huu wa mitihani ulivuka bahari. Katika Kenya, Uganda na Tanganyika, wanafunzi wa sekondari walifanya mitihani ya Cambridge, na hata Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1967, vitabu na mazoea ya usahihishaji yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Kilichorithiwa ni orodha ya makosa bila historia yake.

5.0 Mwangwi katika Kiswahili

Historia ya Kiswahili inasaidia kuliona jambo hili kwa ukaribu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipewa jukumu la kupitia vitabu vya shule. Tofauti na Uingereza, hapa kulikuwa na chombo rasmi. Matokeo yake kwa lahaja, hata hivyo, yalifanana: maumbo ya Kimvita na Kiamu, lahaja zenye urithi mkongwe wa ushairi, yaligeuka "makosa" katika daftari la mwanafunzi. Lugha sanifu ilihitajika, na imeleta faida kubwa. Lakini kuchagua lahaja moja si sawa na kuthibitisha kwamba nyingine zimeharibika.

6.0 Aina Tatu za Makosa

Kutokana na historia hiyo, msahihishaji anaweza kuyagawa anayokutana nayo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni ukiukaji wa makubaliano yanayoshirikiwa na waandishi wote wa lugha sanifu: tahajia, matumizi ya ritifaa, upatanisho wa kitenzi na kiima, uteuzi wa "their" na "there". Humo pia yamo makosa yanayotokana na tofauti za mifumo, kama msemaji wa Kiswahili anayechanganya "he" na "she" kwa kuwa "yeye" haibagui jinsi, au anayeacha "the" kwa kuwa lugha yake haina kibainishi cha aina hiyo. Haya yasahihishwe bila kusita, na chanzo chake kielezwe.

Kundi la pili ni makatazo ya wanasarufi: kihusishi mwishoni, kielezi baada ya "to", "they" ya umoja. Haya yasikatiwe alama. Mhariri anaweza kushauri pale sentensi inapokuwa nzito, lakini huo ni ushauri wa mtindo.

Kundi la tatu ni maumbo ya lahaja, kama ukanushi maradufu na "you was". Katika ripoti au mtihani yabadilishwe, kwa maelezo kwamba hayalingani na rejesta hiyo. Asiambiwe mwanafunzi kwamba yanakiuka mantiki, kwa maana si kweli.

7.0 Hitimisho

Mgawanyo huu una maana kwa sera. Mwongozo wa kusahihisha mitihani usiotaja makundi haya humwachia kila mtahini atumie kanuni alizofundishwa utotoni, na watahiniwa wawili wenye uwezo sawa wanaweza kupata alama tofauti. Vyuo vya ualimu vinaweza kuanza na hatua ndogo: kila kanuni inayofundishwa iambatane na maelezo ya ilikotoka na ya wanaoifuata leo. Mabaraza ya mitihani nayo yaorodheshe waziwazi yasiyopaswa kukatiwa alama. Muda unaookolewa kwa kuacha kupigana na kihusishi cha mwishoni unaweza kutumika kufundisha upatanisho, aya na hoja, yaani mambo ambayo udhaifu wake humzuia msomaji kuelewa.