Dimbwi la Masika Ndani ya Kioo

Ukitoka mji wa Pangani kwenda kusini kufuata pwani, ardhi ya Mkwaja hubadilika mara tu unapoupa mgongo ufuko. Mchanga wa minazi unakoma, na mbele yako unaanza udongo mfinyanzi mweusi ulioota migunga. Kiangazi kikikaza, udongo huo hupasuka nyufa ndefu. Masika yakiingia, nyufa hufumba, maji hukosa pa kupenya, na kila penye bonde dogo pakawa dimbwi.

Kampuni ya Amboni, iliyojulikana zaidi kwa mkonge, ilifuga ng'ombe kwenye ardhi hiyo kuanzia miaka ya 1950 hadi 2000. Kisha ranchi ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Yaliyoandikwa juu ya udongo wa Mkwaja yanahusu zaidi ng'ombe, ndorobo na ile migunga. Lakini udongo wa namna hii, unaotokea hapa na pale kutoka Kenya hadi Msumbiji, una historia nyingine iliyopita kwenye sebule za Hamburg, London na New York. Ni historia ya watu waliokuwa na sanduku dogo la kioo, tupu, na swali la kuweka nini ndani yake. Mojawapo ya majibu bora waliyowahi kupata lilitoka katika madimbwi ya ukanda huu.

Swali lenyewe lilianza Uingereza. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu, mimea ya majini na konokono katika chombo kimoja, vyote vikaishi bila maji kubadilishwa kila siku. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowatuma maelfu ya watu ufukweni na ndoo mikononi. Ujerumani ilipata homa hiyo mwaka 1856, Emil Adolf Rossmässler alipoandika katika jarida la Die Gartenlaube jinsi ya kuwa na ziwa dogo ndani ya kioo.

Majibu ya mwanzo yalikuwa mabaya. Viumbe wa baharini walikufa upesi katika vyombo vidogo, na miaka mingi baadaye Edmund Gosse, mtoto wa mwandishi yule, aliandika kwa uchungu jinsi fukwe za utotoni mwake zilivyokombwa. Samaki wa dhahabu naye ana mwili mkubwa na anachafua maji. Mwaka 1869 Mfaransa Pierre Carbonnier alipata samaki wa paradiso kutoka China, ambaye huja juu kuvuta hewa na kwa hiyo huvumilia maji machache. Mnamo 1908 samaki mdogo aitwaye gapi, wa Trinidad na Venezuela, alifika Ujerumani. Kila hatua ilikuwa ya kumtafuta kiumbe ambaye maumbile yalikwisha kumzoeza maji machache. Afrika Mashariki ilikuwa naye.

Mwaka 1844 Wilhelm Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya wanyama Msumbiji, alimwelezea kisayansi samaki mdogo wa Quelimane. Mwaka 1868 akamwekea jenasi yake, Nothobranchius. Peters huyuhuyu ndiye aliyemwelezea gapi mwaka 1859. Huku Zanzibar, balozi wa Uingereza Robert Lambert Playfair alikuwa akipeleka samaki kwa Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 1866 wawili hao wakachapisha kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Mwaka huohuo Günther alimpokea gapi kutoka Trinidad na kumpa jina la aliyemtuma, bwana Guppy. Kwa hiyo samaki ambaye leo yumo karibu katika kila duka la samaki wa mapambo duniani, na samaki wa madimbwi ya pwani yetu, walipita mikononi mwa mabwana walewale katika miaka ileile. Mmoja akawa maarufu. Mwingine akabaki na wachache wanaomjua.

Ukoloni wa Kijerumani ulileta wakusanyaji zaidi. Franz Stuhlmann alikusanya samaki Unguja na bara mwaka 1888 na 1889, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamtaja mmoja wao kwa heshima ya Günther. Ndiye Nothobranchius guentheri, anayepatikana Unguja peke yake. Msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, uliofika Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, ulizaa jina la Nothobranchius palmqvisti, alilolitoa Einar Lönnberg mwaka 1907 kwa samaki wa Tanga. Mwaka 1924 Ernst Ahl akamwita mwingine, wa bonde la mto Pangani, kwa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani na baadaye akaongoza bustani ya wanyama ya Hamburg.

Tanga wakati huo ilikuwa imekwisha kuzipa nyumba za Ulaya pambo jingine. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, aliliona ua la zambarau la Usambara mwaka 1892. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia, na likasambaa madirishani duniani kote. Ua linaweza kukaa chunguni miaka. Samaki wa dimbwi hana miaka ya kukaa popote, na hapo ndipo kazi ya kumfuga ilipokuwa ngumu.

Wakazi wa bara wanamjua kamongo, anayejizika matopeni akiwa mzima na kungoja mvua. Nothobranchius hafanyi hivyo. Dimbwi likikauka, wote hufa, wakubwa kwa wadogo. Kinachobaki ni mayai, yaliyotagwa moja moja ndani ya matope. Kila yai lina ganda gumu, na kiinitete kilichomo kinaweza kusimamisha kukua kwake. Mwaka 1963 Nicolaus Peters alichapisha uchunguzi wake juu ya namna mayai haya yanavyomudu ukame, na mwaka 1972 Mmarekani John Wourms akapanga vituo hivyo vya kusimama kuwa vitatu. Mayai ya dimbwi moja hayaendi kwa mwendo mmoja. Mengine huwa tayari kwa mvua za vuli, mengine hungoja masika. Manyunyu ya mapema yakiyadanganya baadhi, yaliyosalia bado yamo udongoni.

Mvua ya kweli ikija, vifaranga huanguliwa na kukua kwa kasi ya ajabu. Watafiti wa Nothobranchius furzeri, samaki wa Msumbiji na mpaka wa Zimbabwe, walithibitisha mwaka 2018 kwamba porini anaweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Dume hujitokeza na rangi kali: guentheri ana magamba ya buluu-kijani yaliyozungushiwa wekundu, na mkia mwekundu. Jike ni wa rangi ya udongo, hivi kwamba ndege hamwoni kirahisi. Wote wawili wana muda wa dimbwi tu, na jike hutaga karibu kila siku mpaka maji yaishe.

Wafugaji wa Ulaya walipoelewa hayo, kioo kidogo kikawa si tatizo tena. Samaki wa sentimita 5, aliyezoea maji machache, ya vuguvugu na yenye tope, anaishi vizuri katika lita 20 au 30. Huwekwa dume mmoja na majike wawili au watatu, kwa sababu dume humfukuza jike mchana kutwa. Chini huwekwa bakuli lenye mboji laini ya kutagia. Kila baada ya wiki mboji hutolewa, hukamuliwa maji, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuandikwa tarehe. Mayai ya guentheri huhitaji takribani miezi mitatu katika unyevu huo. Kisha humwagiwa maji ya baridi kidogo, na baada ya saa chache vifaranga wanaogelea. Jambo la kujua kabla ya kununua ni kwamba samaki huyu anadai chakula hai, na viluwiluwi vya mbu ndivyo anavyovipenda.

Mfuko ule wa mboji ulibadilisha mambo. Samaki hai ni mzigo mzito na hufa njiani, lakini mayai katika mboji yenye unyevu yanaingia ndani ya bahasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vyama vya wafugaji wa samaki hawa Marekani na Uingereza, na mwaka 1969 Ujerumani ikapata chake. Wanachama walitumiana mayai kwa posta kutoka nchi hadi nchi. Baadhi yao hawakutosheka na posta, wakaja wenyewe Tanzania na nyavu zao baada ya masika. Majina ya watu wa fani hii yamebaki katika orodha ya samaki: korthausae wa kisiwa cha Mafia, wa mwaka 1973, kwa Edith Korthaus, janpapi wa bonde la Ruvu, wa 1977, kwa Jan Pap, foerschi wa Soga, kituo cha reli ya kati, wa 1979, kwa daktari Walter Foersch. Mwaka 1986 Lothar Seegers aliongeza rubripinnis wa mto Mbezi.

Ndani ya vyama hivyo ilikua desturi inayostahili sifa. Samaki hatajwi kwa jina lake la Kilatini peke yake. Hufuatwa na jina la mahali alipotoka, na mara nyingi alama yenye herufi za nchi, mwaka na namba ya dimbwi. Mfugaji wa samaki wa Soga hawachanganyi samaki wake na wa kwingine hata kama wanafanana kwa macho, kwa kuwa kila kundi la madimbwi limejitenga kwa vizazi vingi. Hivyo Soga na Mbezi hutajwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani na watu wasiowahi kukanyaga Tanzania. Brian Watters, mtaalamu wa miamba wa Canada aliyezunguka nchini miaka mingi, alionyesha kwa nini mahali ni muhimu kiasi hicho: samaki hawa wanafuata udongo. Penye mfinyanzi mweusi unaovimba na kupasuka, mayai hudumu. Kwenye udongo mwekundu wa laterite hayadumu.

Thamani ya samaki huyu haikuishia sebuleni. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kwamba samaki hawa wa asili wanafaa kupambana na malaria, maana wanakula viluwiluwi katika madimbwi yaleyale ambamo samaki wa kigeni hawezi kungoja mvua ijayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jules Markofsky na Alfred Perlmutter walimtumia guentheri wa Unguja kuchunguza uzee, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja huzaliwa, hupevuka, huzeeka na kufa. Mwaka 2015 mpangilio kamili wa jeni za furzeri ulichapishwa, na leo jenasi hii imo katika maabara nyingi za utafiti wa kuzeeka.

Nyumbani habari ni nyingine. Anayenunua tangi dogo Dar es Salaam au Nairobi leo atauziwa gapi na samaki wa dhahabu, na aghalabu atauziwa wengi kuliko tangi linavyomudu. Samaki wa ukanda huu hatauziwa, wala hataambiwa yupo. Béla Nagy na Brian Watters, waliopitia hali ya jenasi nzima, walihitimisha kwamba sehemu kubwa ya samaki hawa wako hatarini, kwa kuwa makazi yao ni madimbwi ambayo mkulima, mjenzi na mhandisi huyaona kuwa maji machafu ya kufukiwa. Dimbwi lililofukiwa kiangazi halina samaki wa kuonekana akifa. Hufa mayai.

Mkwaja iko katikati ya ramani hiyo: kaskazini ni Tanga ya palmqvisti, kusini ni mabonde ya Wami na Ruvu. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami, na kipande cha Mkange, Mkwaja hadi Tungamaa kina kilomita zipatazo 95. Wenyeji wameingoja kwa miaka mingi, na wanaistahili. Kando yake yatachimbwa mashimo, mifereji na makalavati; baadhi yatafuta madimbwi ya zamani, baadhi yatazaa mapya.

Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukamata chochote. Nje ya mipaka, shule ya sekondari yenye tangi tupu la lita 30 ingeweza kuomba kibali cha ofisi ya uvuvi ya wilaya na kwenda na kimia kidogo wiki chache baada ya masika kuanza. Wanafunzi wangeandika jina la kila dimbwi kama wenyeji wanavyoliita, tarehe, rangi ya udongo na samaki waliomo, kisha wangechukua dume mmoja na majike wawili. Viluwiluwi vya kuwalisha havina bei. Ikifika kiangazi, mayai yatakuwa ndani ya mfuko wa mboji kabatini, na daftari la madimbwi litakuwa tayari kwa mhandisi wa barabara atakayeuliza ni lipi asilifukie.