Pampu Inayolia Kama Imemeza Kokoto

Ndugu mkulima, pampu yako ikilia kama imemeza kokoto, usikimbilie kulaumu mchanga. Mwaka 1895, huko Uingereza, Charles Parsons alihangaika na meli yake Turbinia: pangaboi lazunguka kwa kasi, meli haiendi inavyotakiwa! Akatengeneza tangi dogo, akayaona mapovu. Maji yakivutwa kupita kiasi hugeuka mvuke, hata yakiwa baridi. Mwaka 1917 Lord Rayleigh akaonyesha kwa hesabu kuwa povu hilo likijifunga ghafla, maji hugonga kwa nguvu kubwa mno. Ndiyo hayo yanayotafuna chuma ndani ya pampu yako. Basi ishushe karibu na mto, bomba la kuvutia liwe fupi na pana, chujio lisizibe majani. Ukitaka kupunguza maji, funga koki ya upande wa kutolea, siyo wa kuvutia.