Ndege kugeuka njiani: piloti anaamua namna gani juu ya milima ya Masisi

Mtu anayetoka Goma kwenda Walikale kwa barabara anajua taabu yake: Sake, kisha milima ya Masisi, matope ambamo lori linalala siku nyingi, na vizuizi vya watu wenye silaha. Kwa ndege ndogo, ile safari haifiki hata saa moja. Ndiyo maana katika miaka ya 2000, bei ya kasiterite ilipopanda na machimbo ya Bisie yakajaa watu, ndege zilianza kutua Kilambo. Kilambo si uwanja wa ndege kama watu wanavyoufikiria, ni kipande cha barabara ya lami katikati ya msitu. Kazi ilikwenda hivi: askari wanasimamisha motari na wapita njia, ndege inatua, inashusha bia, sabuni na mchele, inapakia mifuko ya mawe, inaruka tena.

Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Lakini popote ndege ndogo inaporuka katika Kivu, swali la abiria na mfanyabiashara ni moja: kwa nini piloti anakataa kuruka, ao anageuka njiani wakati watu wameshalipa?

Tuanze na uzito, juu hapo ndipo mabishano mengi yanazaliwa. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Mfuko wake wa kilo 50 ni mdogo, unaweza kuudharau ukiuona kando ya mfuko wa maharagi. Ndege ya aina ya Let 410, iliyojulikana sana hapa kwetu, inabeba kama tani moja na nusu hivi, na inakuwa imejaa kwa uzito wakati ndani bado kuko nafasi ya kutembea. Mwenye mzigo anaona nafasi, piloti anaona kilo. Tena pale ambapo hakuna mafuta ya kununua, lazima abebe ya kwenda na ya kurudi, na mafuta nayo ni kilo.

Kisha kuko hewa. Goma iko kwenye urefu wa mita 1,550 hivi juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi: mabawa yanapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kuvuta. Ndege ileile, na mzigo uleule, itahitaji njia ndefu zaidi saa nane mchana kuliko saa moja asubuhi. Bei ya kasiterite haiongezi nguvu ya injini hata kidogo.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 15 Aprili 2008. DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere. Watu kama 40 walikufa, wengi wao hawakuwa hata ndani ya ndege. Njia ile ilikuwa fupi tangu lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu yake Januari 2002. Kila piloti anahesabu mbele ya kuruka: kuko mwendo fulani ambao, akiupita, hawezi tena kusimama ndani ya njia iliyobaki. Hesabu hiyo inafanywa ndege ikiwa imesimama. Wakati magurudumu yanakimbia, muda wa kufikiri umekwisha.

Juu ya Masisi sheria ni ileile, ila ukuta ni mlima. Mawingu yanakaa kwenye vilele, mvua ya mchana inafunga mabonde. Anayeshuka chini ya wingu ili afuate bonde anaweza kukuta bonde limekuwa jembamba na ndege haina tena nafasi ya kuzunguka. Tarehe 1 Septemba 2008, Beechcraft ya Air Serv, ndege ya misaada iliyotoka Kisangani kwenda Bukavu, iligonga mlima karibu na Bukavu. Watu wote 17 walikufa. Februari 2011 ikawa Let 410 iliyotoka Kavumu, kwenye mlima Biega. Ndiyo maana piloti mzuri anajiwekea mpaka akiwa bado chini: nikifika mahali fulani na sioni mgongo wa mlima, ninarudi. Hangoji kuamua akiwa ndani ya wingu.

Mtego mkubwa ni ule wa "tumeshakaribia". Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka Kinshasa wakati wa kutua ndani ya dhoruba. Kati ya watu 33 alipona mmoja tu. Ilikuwa na chombo cha kuonyesha dhoruba, na uchunguzi ulisema dhoruba ilionekana kwenye chombo hicho, lakini waliendelea. Basi si shida ya ndege za zamani peke yake.

Dawa moja ni piloti wa pili kuwa na ruhusa ya kusema hapana. Dunia ilijifunza hilo kwa bei kali huko Tenerife mwaka 1977, watu 583 walipokufa kwa sababu piloti mkubwa alianza kuruka bila ruhusa, na wasiwasi wa mwenzake haukumsimamisha. Kwetu, ambako mdogo hamkatizi mkubwa, jambo hili si rahisi.

Na abiria je? Asikasirike akipimwa na mizigo yake kwenye mizani. Aseme kilo za kweli, maana kilo 20 zilizofichwa na kila mmoja wa watu 15 ni kilo 300 ambazo piloti hakuzihesabu. Mwenye mzigo asimpigie piloti simu kumharakisha. Pale ambapo piloti analipwa kwa safari iliyotimia tu, kampuni imeshamsukuma tayari, haifai raia naye aongeze.

Anayengoja ndege kule inakotua pia iko na kazi. Akipigiwa simu na kuulizwa hali ya hewa, asijibu "iko sawa" juu mzigo wake uko njiani. Aseme anachokiona: wingu limefunika mlima upande gani, upepo unatoka wapi, lami imelowa ao imekauka, na kama kuko ng'ombe, motari ao askari barabarani.