Nusu Siku Doha: Nani Aliyezamia Lulu?

Karatasi ya ratiba niliyoachiwa hotelini ilikuwa na vituo vitano: Souq Waqif, Corniche na majahazi yake, Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu (picha za nje tu), kijiji cha utamaduni cha Katara, na kisiwa cha The Pearl. Muda: saa nne, halafu narudishwa hotelini. Gari binafsi, dereva anayejua Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza semina ya wanahabari ya siku tatu, ndege yangu ya Dar ilikuwa usiku, na waandaaji walinilipia ziara hiyo kama asante. Nani anakataa?

Dereva alipofungua mlango na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimelala salama, niliisikia lafudhi ya Pwani kabla hajamaliza sentensi. "Kaka, wewe ni wa kwetu," nikamwambia. Akacheka mpaka akaegemea gari. "Kilifi, dada. Mwaka wa nne huu niko hapa." Kiingereza tukakiacha pale pale mlangoni mwa hoteli.

Souq Waqif ilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 2003, ikafanywa ionekane ya zamani: kuta za rangi ya udongo, boriti zimechomoza nje, vichochoro vyenye harufu ya udi na kahawa. Kuna duka la kozi, wale ndege wa kuwindia, na jirani yake hospitali ya ndege hao. Si utani, wana daktari na eksirei yao. Kilichonivutia zaidi ni wazee waliovaa vizibao vya rangi ya damu ya mzee, wakisukuma matoroli ya mizigo ya wateja. Kizibao kimeandikwa namba mgongoni. Nikamwuliza dereva wanaitwaje. "Hamali," akajibu, kama vile nimeuliza wali unaitwaje.

Basi nikaanza kuhesabu. Hamali. Souq, ambayo kwetu ni soko. Tulipofika Corniche, kwenye majahazi yaliyofungwa mbele ya maghorofa ya West Bay, dereva akaniambia bwana mwenye chombo kile anaitwa nakhoda. Nahodha. Na pale ukingoni lipo sanamu la chaza mkubwa aliyefungua gamba, ndani ana mpira mweupe: lu'lu', yaani lulu. Watalii wote hupiga picha pale. Nami nilipiga. Lakini maneno haya hayakuogelea peke yake mpaka Lamu na Unguja. Yalisafiri na watu, na vyombo vilivyoyaleta kwetu havikurudi vitupu.

Hapa inabidi tuiache Corniche kidogo, turudi nyuma miaka mia moja na zaidi, maana bila lulu hakuna Doha ya kuzungumzia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walihesabu zaidi ya mashua 800 za Qatar zilizokwenda kuzamia, zikiwa na watu karibu 13,000. Nchi nzima wakati huo walikisia ina watu 27,000 tu. Toa wanawake, watoto na wazee, utaona kwamba msimu ukianza, mji ulibaki karibu mtupu bila wanaume. Msimu mkubwa ulichukua takriban miezi minne ya kiangazi, yaani ile miezi ambayo leo mtu akitoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye gari analalamika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au gamba, akavaa vifuniko vya ngozi vidoleni, akaning'iniza kikapu shingoni. Jiwe lililofungwa mguuni lilimshusha chini upesi. Alikusanya chaza kwa pumzi moja, dakika moja au zaidi kidogo, kisha akatikisa kamba. Mwenzake juu, mvutaji, alimvuta. Akapumua, akashuka tena. Mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, siku baada ya siku, akila kidogo sana asubuhi ili tumbo lisimsumbue chini. Chaza walifunguliwa chomboni mbele ya nahodha, na wengi wao walikuwa watupu. Mapato yaligawanywa baada ya kukata gharama na mkopo ambao mzamiaji alichukua kabla ya msimu ili familia ile. Aghalabu mkopo ulizidi mapato. Deni likahamia mwaka ujao, na mtu akifa, mara nyingi mwanawe ndiye aliyelirithi.

Mwaka 1863 alifika hapa msafiri Mwingereza, William Gifford Palgrave, mwandishi ambaye wanahistoria hawamwamini kwa kila kitu. Anasimulia kwamba Sheikh Mohammed bin Thani, mkubwa wa mji, alimwambia kuwa wao wote, wa juu na wa chini, ni watumwa wa bwana mmoja tu, na bwana huyo ni lulu. Ni maneno matamu, na ni rahisi kuyapenda. Shida yake ni kwamba kwenye mashua zile walikuwemo watumwa wa kweli, walionunuliwa kwa fedha, ambao sehemu yao ya mapato ilikwenda kwa aliyewamiliki. Matthew Hopper, mwanahistoria wa Marekani, aliyachukua maneno hayo ya sheikh akayafanya jina la kitabu chake cha mwaka 2015, Slaves of One Master, kinachowafuata Waafrika waliopelekwa Arabuni na Ghuba katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Nilikisoma kitabu hicho miaka michache iliyopita kwa ajili ya makala ambayo haikuchapishwa. Hoja yake ilinikaa kichwani: waliletwa kwa wingi kwa sababu dunia ilitaka bidhaa. Lulu za Ghuba zilikwenda Bombay, kisha Paris na New York. Tende za Oman zililiwa Marekani. Mwaka 1912 Jacques Cartier, wa lile duka la vito la Paris, alisafiri mwenyewe mpaka Ghuba kutafuta lulu. Mahitaji yakipanda, mashua zinaongezwa. Mashua zikiongezwa, wanatakiwa watu. Na watu walitoka upande wetu.

Sasa turudi kwenye gari. Tulikuwa tumefika The Pearl, kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono ya watu, takriban mita za mraba milioni nne za ardhi iliyomwagwa baharini, mahali ambapo zamani walizamia chaza. Kuna mtaa wenye mifereji na madaraja kama Venice, nyumba zimepakwa rangi za peremende. Kahawa moja ilinigharimu chakula changu cha mchana cha siku mbili Sinza. Pazuri, sitaki kuwa mnafiki. Lakini nilipokuwa nakunywa nilitazama saa, nikaona tumebakiwa na saa moja na nusu, na nikamwambia dereva: tuiache Katara, nipeleke Msheireb, kwenye nyumba ya Bin Jelmood.

"Hiyo haimo kwenye karatasi, dada."

"Najua."

"Na mimi sijawahi kupeleka mgeni huko. Kuna nini?"

Msheireb iko hatua chache tu kutoka Souq Waqif. Asubuhi tulikuwa tumeipita. Ni mtaa wa zamani uliobomolewa ukajengwa upya, na ndani yake zimehifadhiwa nyumba nne kuukuu zilizogeuzwa makumbusho. Moja ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Jelmood kwa Kiarabu ni jiwe kubwa, jabali. Nyumba hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015 kama makumbusho ya utumwa. Ni jambo la kushangaza kidogo: nchi tajiri, katika eneo ambalo habari hizi huzungumzwa kwa kunong'ona, ikaamua kuliweka jambo hilo katikati ya mji mkuu wake, tena ndani ya nyumba ya muuzaji mwenyewe. Naandika hivi kwa sababu sisi wa pwani tunapenda kuwanyooshea kidole.

Ukiingia unakuta ua wa ndani na vyumba vinavyouzunguka. Kuna filamu zenye sauti za chini na maelezo ya utumwa tangu zamani za kale. Kisha unafika kwenye ramani ya Bahari ya Hindi. Dereva, ambaye alisema ataingia dakika tano tu, alisimama mbele yake muda mrefu kuliko mimi.

Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha sita. Tulikariri sababu za biashara ya utumwa na athari zake, na kwenye mtihani ukizitaja zote unapata alama zako. Ukienda Unguja, pale Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na nje kuna sanamu za Clara Sörnäs: watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Nimewapeleka wageni pale mara tatu, na kila mara simulizi iliishia kwenye maji. Walipandishwa jahazini, basi. Hakuna mwongozaji aliyewahi kuniambia walishukia wapi, walifanya kazi gani, walioa nani, walizikwa wapi. Nami sikuwahi kuuliza. Tunajua njia ya kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kituo kwa kituo, na tunajua habari za Tippu Tip, mtu wetu kabisa, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili. Upande wa pili wa bahari tumeandika neno moja, "Arabuni", kisha tumefunga daftari.

Kumbe upande wa pili una nyaraka nyingi. Watumwa waliotoroka walikwenda kwenye ofisi za Waingereza huko Muscat, Bahrain na Sharjah kuomba hati za uhuru, na karani aliandika maelezo yao: jina, umri wa kukisia, alichukuliwa wapi, aliuzwa kwa nani, kwa nini amekimbia. Wapo waliotaja Zanzibar. Idadi yao iliongezeka katika miaka ya 1920 na 1930, na sababu inasikitisha. Wajapani walikuwa wameanza kuuza kwa wingi lulu za kufugwa za Mikimoto, kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929. Bei ya lulu ikaanguka, na wenye watumwa wakashindwa hata kuwalisha. Nyaraka nyingi za ofisi hizo ziko London, lakini Maktaba ya Taifa ya Qatar na Maktaba ya Uingereza zimeziweka kwenye intaneti, bure. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuzisoma akiwa bwenini, kama umeme upo.

Mafuta yaligunduliwa Dukhan mwishoni mwa miaka ya 1930, vita vikachelewesha mambo, na meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka mwaka 1949. Hata kwenye kampuni ya mafuta waliajiriwa watumwa, na sehemu kubwa ya mshahara wao ilichukuliwa na mabwana. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, wenye kumiliki wakalipwa fidia. Mwaka huo Nyerere alikuwa anamaliza shahada yake Edinburgh. Si zama za kale hizo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mtoto wa kwanza.

Makumbusho yenyewe hayaishii mwaka 1952. Mwishoni yanagusa utumwa wa siku hizi, pamoja na unyonyaji wa wafanyakazi wahamiaji. Nilimtazama dereva akisoma. Tukiwa garini asubuhi alikuwa ameniambia kwamba wakala wa Mombasa alimtoza pesa nyingi kumleta, baba yake akauza kipande cha shamba, na mwaka wa kwanza mzima ulikwenda kulipa. Aliahidiwa kazi moja akakuta nyingine. Sasa yuko sawa, anasema. Amebadili mwajiri, jambo ambalo kabla ya sheria ya mwaka 2020 lilihitaji ruhusa ya mwajiri wa kwanza. Anajenga kwao.

Nilitamani kumwambia kuhusu mkopo wa mzamiaji na deni la wakala. Nikajizuia, kwa sababu kulinganisha kirahisi namna hiyo ni ugonjwa wetu wanahabari. Yeye si mtumwa. Ana pasipoti mfukoni, analipwa, anaweza kupanda ndege kesho. Aliyeshushwa na jiwe mguuni hakuwa na hilo. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeanza, tulipokuwa tunavaa miwani ya jua pale mlangoni.

"Kwa hiyo hawa nao walikuwa wakidaiwa kabla hawajaanza kazi?"

"Waliokuwa huru, ndiyo. Watumwa hata hawakukopeshwa, kaka. Wao walikuwa mali."

Akatikisa kichwa. Tulipoingia barabara ya hoteli akaniuliza tena: "Na hao wetu, dada, walirudi?"

Nikamwambia ninachojua. Wachache sana. Wengi walibaki, wakachukua majina ya koo za waliowamiliki, wakaoa, wakazaa. Wajukuu wao ni Waqatari leo, wana pasipoti ya Qatar. Ngoma ya leiwa inayochezwa huku Ghuba bado ina maneno ya Kiswahili ndani yake, na wako wanaoyaimba bila kujua maana.

"Mimi nimewaona," akasema. "Kuna mzee mmoja nilimpakia, sura kama mjomba wangu wa Malindi kabisa. Nikamsalimia shikamoo. Akanitazama tu."

Simu yake ikaita. Mgeni mwingine, saa nane mchana, hoteli ya jirani, ziara ya saa nne. Akaichukua ile karatasi yangu kwenye dashibodi, akaikunjua, akaiweka vizuri kwa ajili yake.