Kazi za msimu na picha za barafu inayotoweka Kanada

MILIMA ya magharibi mwa Kanada, katika majimbo ya Alberta na British Columbia, imekuwa ikivutia makundi mawili ya watu kwa zaidi ya karne moja. Kuna wanaofuata kazi za msimu katika hoteli za watalii, na kuna wapigapicha wanaofuata mandhari. Mara nyingi mtu mmoja huwa katika makundi yote mawili.

Chanzo cha ajira hizo ni reli. Kampuni ya Canadian Pacific ilikamilisha njia yake ya kuvuka nchi mwaka wa 1885 na, ili ipate abiria, ikajenga hoteli milimani. Hoteli ya Banff Springs ilifunguliwa mwaka wa 1888. Kuanzia mwaka wa 1899, kampuni hiyo iliajiri waelekezi wa wapanda milima kutoka Uswisi, ambao walifika kila majira ya joto na kurejea kwao baridi ilipokaribia.

Miongoni mwa wageni wa mwanzo walikuwa ndugu watatu wa Philadelphia, Marekani: Mary, George na William Vaux. Mwaka wa 1887 walizuru mto wa barafu wa Illecillewaet, katika milima ya Selkirk, na kuupiga picha. Waliporudi mwaka wa 1894 waligundua kuwa barafu hiyo ilikuwa imerudi nyuma. Tangu hapo wakawa wakiipima na kuipiga picha kutoka mahali pale pale. Burudani ya likizo ikageuka kuwa kumbukumbu ya kisayansi.

Naye Byron Harmon alifika Banff mwaka wa 1903, akafungua duka la picha na kuuza postikadi kwa watalii. Chama cha wapanda milima cha Kanada kilipoundwa mwaka wa 1906, yeye ndiye aliyekuwa mpigapicha wake rasmi. Kazi yake na ile ya akina Vaux imehifadhiwa katika makavazi ya Whyte mjini Banff.

Siku hizi kazi nyingi hupatikana hotelini, jikoni, katika usafi na kwenye viwanja vya kuteleza thelujini. Vijana wengi hutoka Australia, Uingereza na Japani kwa vibali vya muda. Hata hivyo, makao ni tatizo sugu. Mji wa Banff umo ndani ya mbuga ya taifa, na sheria huruhusu makazi kwa wanaofanya kazi au biashara humo na familia zao. Kwa hivyo, kibarua anayeishi katika nyumba ya mwajiri hujikuta amepoteza kazi na kitanda kwa siku moja.

Kwa mpigapicha, kalenda ndiyo mwalimu. Ziwa Moraine huyeyuka takriban mwezi wa Juni. Baadaye maji yake huwa ya samawati iliyokolea, kwani unga laini wa miamba iliyosagwa na barafu huelea ndani yake na kutawanya mwanga. Mwishoni mwa Septemba, miti ya lachi, iliyo jamaa ya misonobari, hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kupukutika. Ikumbukwe kuwa tangu mwaka wa 2023 magari ya kibinafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya kwenda ziwani humo. Wageni hutumia mabasi.

Lakini mandhari hayo hayadumu. Mto wa barafu wa Athabasca, katika mbuga ya Jasper, umerudi nyuma zaidi ya kilomita moja unusu katika muda wa miaka 125 hivi. Vibao vyenye miaka vimesimikwa njiani kuonyesha ulipokuwa ukifika zamani. Aidha, mnamo Julai 2024 moto wa msituni uliteketeza takriban thuluthi moja ya majengo ya mji wa Jasper, na kuwaacha wengi, wakiwemo vibarua wa msimu, bila makao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria wamekuwa wakipanda hadi vilele ambako mpimaji ardhi M.P. Bridgland alipiga picha mwaka wa 1915, ili wapige nyingine kutoka papo hapo. Bridgland alikuwa akitayarisha ramani tu. Leo picha zake ni ushahidi wa jinsi milima hiyo ilivyokuwa.