Shahada ya Uhamisho ya California

Shahada ya Uhamisho ni shahada ya miaka miwili inayotolewa na vyuo vya jamii vya jimbo la California, Marekani, kwa wanaokusudia kumalizia shahada ya kwanza chuo kikuu. Iliwekwa na sheria ya mwaka 2010, nusu karne baada ya Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa 1960 uliogawanya majukumu kati ya vyuo hivyo, Chuo Kikuu cha Jimbo la California (CSU) na Chuo Kikuu cha California (UC).

Mwanafunzi aliyekamilisha krediti 60 za mihula kwa wastani wa alama usiopungua 2.0 huhakikishiwa nafasi ya mwaka wa tatu CSU. Katika programu inayolingana na masomo yake hadaiwi zaidi ya krediti 60 nyingine. Dhamana ya nafasi ni ya mfumo mzima, si ya kampasi fulani, jambo linalosahaulika kwa urahisi. Kikwazo kikongwe cha uhamisho ni krediti zisizotambuliwa na chuo kinachopokea, hivyo kozi hurudiwa. Ulinganifu wa kozi hukaguliwa kupitia ASSIST, hifadhidata rasmi ya jimbo. Sheria ya 2021 iliagiza mtaala mmoja wa masomo ya jumla kwa wanaohamia CSU na UC. Ulianza kutumika mwaka 2025.